Gemu za fantasia: mapigano yanapokutana na waandani

Kuna mahali katika gemu ya kompyuta iitwayo Dragon Age: Origins, iliyotoka mwaka 2009, ambapo adui mkubwa ameshindwa na mchezaji anaulizwa: auawe au aachwe hai? Adui huyo ni Loghain, jemadari aliyeondoa majeshi yake katikati ya vita na kumwacha mfalme wake auawe. Pembeni yako amesimama Alistair, kijana uliyesafiri naye karibu tangu mwanzo. Mfalme yule aliyeachwa afe alikuwa ndugu yake wa baba mmoja, na wenzake wengi waliangamia siku hiyo hiyo. Ukimwacha Loghain hai, anajiunga nawe. Alistair anaondoka kwenye kundi.

Kwa hesabu ya vita peke yake, hujapoteza kitu. Alistair ni mpiganaji wa upanga na ngao. Loghain naye anapigana kwa upanga na ngao, tena ni mkongwe wa vita. Umetoa ngao, umepokea ngao. Hata hivyo wapo wachezaji wanaofika hapo wakakaa kimya mbele ya kioo kwa dakika kadhaa, na wapo waliorudi nyuma kuanza upya kwa sababu hawakuweza kuvumilia maneno ya Alistair alipokuwa anatoka mlangoni.

Tumeanza na mfano huo kwa sababu unaonyesha vizuri jambo tunalotaka kulieleza. Gemu za aina hii zina kazi mbili kubwa ndani yake. Ya kwanza ni kutengeneza mapigano: nani anampiga nani, kwa silaha gani, kwa kanuni ipi. Ya pili ni kuwaandika watu wanaoandamana nawe: wanasema nini, wanapenda nini, watakuvumilia mpaka wapi. Vijana wanaozicheza hubishana sana kuhusu ipi ni bora. Sisi tunaona swali lenye faida zaidi ni jingine: kazi hizo mbili zinagusana wapi?

Tahadhari kidogo: tutataja baadhi ya matukio ya hadithi za gemu hizi. Machache tumeyaficha kwa makusudi.

Ni gemu za aina gani?

Tunazungumzia gemu ambazo mchezaji anavaa uhusika wa mtu katika dunia ya kubuni yenye majoka, mazimwi, miungu mingi na uchawi. Anayecheza hakimbizi gari wala hafungi magoli. Anatembea, anazungumza na watu, anapigana, anapata uzoefu, na kadiri uzoefu unavyoongezeka ndivyo uwezo wake unavyopanda. Gemu moja inaweza kumaliza saa 50, nyingine zaidi ya 100.

Neno mchawi lisikutishe. Katika gemu hizi mchawi ni kama msomi: amesoma vitabu, amekariri maneno ya nguvu, na anaweza kuwa mtu mwema kabisa.

Safari hiyo huifanyi peke yako. Unakutana na watu njiani, na baadhi yao wanakubali kufuatana nawe. Hao ndio tutakaowaita waandani. Wewe ndiye unayewaamuru vitani, lakini nje ya vita wana akili zao, na wanaweza kukukatalia.

Vita vilikuja kwanza

Mzizi wa gemu hizi hauko kwenye kompyuta. Uko mezani. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Watu kadhaa wanakaa pamoja, mmoja anasimulia, wengine kila mmoja ana mhusika wake, na jambo lenye mashaka linaamuliwa kwa kurusha dadu. Fikiria hadithi za jioni ambazo wasikilizaji ndio wanaoamua sungura afanye nini, na dadu ndiyo inayosema kama amefaulu.

Mchezo huo ulitokana na michezo ya zamani ya vita, ile ya kusogeza vijiaskari vidogo juu ya meza. Ndiyo maana kanuni zake nyingi zilihusu mapigano: nguvu ya pigo, ugumu wa deraya, umbali wa mshale. Kuhusu urafiki, wivu na usaliti kanuni hazikuwa na mengi ya kusema, na hazikuhitaji kusema. Waandani wako walikuwa marafiki zako halisi, wamekaa hapo hapo mezani, wanacheka na kugombana bila kuandikiwa na mtu.

Kompyuta ilipoingia, upande wa vita ulihama kirahisi. Kompyuta ni hodari wa hesabu. Katika gemu kama Pool of Radiance ya mwaka 1988, mchezaji alitengeneza wahusika wake sita, akawapa majina, akaingia nao vitani. Walipigana vizuri. Lakini walikuwa bubu, kwa kuwa wale marafiki wa mezani hawakuhamia ndani ya mashine. Mchezaji alikuwa amekaa peke yake mbele ya kioo na jedwali la namba.

Kwa hiyo ikabidi watu hao waandikwe.

Mtambo mmoja, gemu tatu

Mfano bora wa kulinganisha tunaoujua ni gemu tatu zilizotoka kati ya mwisho wa 1999 na 2000, zote zikiendeshwa na mtambo mmoja wa programu. Mtambo huo ulitengenezwa na kampuni ya BioWare ya Edmonton, Canada, kampuni ambayo baadhi ya waanzilishi wake walikuwa madaktari wa binadamu. Waliutumia kwanza kwa Baldur's Gate, Desemba 1998.

Mapigano ya mtambo huo yanaendelea yenyewe, kila mtu akipiga kwa wakati mmoja, lakini unaweza kuigandisha dunia nzima kwa kubonyeza kitufe. Kila kitu kinasimama: mshale hewani, mchawi akiwa katikati ya maneno yake. Unatoa amri kwa watu wako sita, kisha unaachia. Sekunde tatu baadaye unagandisha tena, kwa sababu mambo yameharibika.

Baldur's Gate ya kwanza ilikuwa na waandani 25. Wengi hawana maneno mengi. Unapata picha ndogo ya uso, sauti inayorudia vijisentensi vichache, na maelezo mafupi ya maisha yao. Sisi watu wa redio tunajua kwamba hilo si haba. Katika mchezo wa redio msikilizaji hana picha hata moja, na bado anamchukia mama mkwe kuanzia sentensi ya pili. Kilichosaidia zaidi ni kwamba baadhi yao huja wawili wawili. Khalid na Jaheira ni mume na mke: mume ni mpiganaji mwenye kigugumizi na woga, mke ni mlinzi wa misitu mwenye ulimi mkali. Ukimfukuza mmoja, wote wanakwenda. Nafasi ni sita tu, kwa hiyo ndoa yao inakugharimu nafasi. Hapo tayari maandishi yameingia kwenye hesabu ya vita.

Gemu ya pili katika mfululizo huo, Baldur's Gate II ya mwaka 2000, ilipunguza idadi ya waandani na kumpa kila mmoja maneno mengi zaidi. Sasa wanakusimamisha njiani ili kukueleza jambo. Wanabishana wao kwa wao. Wengine wanakupenda.

Mfano tunaoupenda hapa ni wa Keldorn na Viconia. Keldorn ni askari mzee wa dini, mtu wa haki, ambaye ametumikia kwa muda mrefu mno hata nyumba yake mwenyewe imeanza kubomoka bila yeye kujua. Vitani ana kipaji adimu: anaweza kuufuta uchawi wa adui kwa nguvu kuliko karibu mtu mwingine yeyote. Na katika gemu hii uchawi ndio vita yenyewe. Wachawi wakubwa hujifunika kinga juu ya kinga, na huna budi kuzibandua moja moja kama maganda ya kitunguu kabla upanga haujamgusa mwenyewe. Viconia ni kuhani wa kike aliyekimbia jamii yake katili ya chini ya ardhi. Unamkuta umati unataka kumchoma moto hadharani kwa sababu tu ya alikozaliwa. Mwili wake unakataa uchawi mwingi anaotupiwa, na anajua kuponya.

Kamanda yeyote angewachukua wote wawili. Ukifanya hivyo, siku moja Keldorn atashindwa kumvumilia, silaha zitatolewa, na mmoja atamuua mwenzake. Hapo ndipo unapoelewa kuwa mtu wa haki naye anaweza kuwa na chuki ya kabila, na unalielewa hilo ukiwa na shimo kwenye safu yako ya vita.

Yupo pia mwandani mwingine, mwenye ujuzi ambao kundi lote linautegemea kila siku, ambaye mbele ya safari anakugeuka mahali pabaya kuliko pote. Hatutamtaja. Wanaomjua Fumo Liyongo wanajua kwamba aliyetumwa kumuua hakuwa mgeni. Uchungu wa tukio hili unatokana na kazi aliyokufanyia kabla: ulimwamini kwa sababu alikuwa na faida.

Gemu ya pili kati ya zile tatu ni Planescape: Torment, iliyotoka Desemba 1999 kutoka studio ya Black Isle nchini Marekani, chini ya mbunifu mkuu Chris Avellone. Mhusika wako anaamka juu ya meza ya chumba cha maiti. Hakumbuki jina lake. Hawezi kufa, akiuawa, anaamka tena. Mwandani wake wa kwanza ni fuvu la kichwa linaloelea hewani na kuropoka, jina lake Morte.

Tuseme wazi: mapigano ya Planescape: Torment si mazuri. Watu wanasongamana kwenye vichochoro, wanapigana bila mpango, na mara nyingi unatamani yaishe. Watengenezaji wenyewe waliweka uzito kwingine. Mapigano mengi unaweza kuyakwepa kwa kuzungumza, na uzoefu mkubwa unapatikana kwenye mazungumzo. Hata mwisho wa hadithi unaweza kuumaliza kwa hoja badala ya upanga.

Lakini hata hapo, tazama walivyofanya. Silaha ya Morte ni meno yake, kwa kuwa hana mikono. Silaha yake nyingine ni matusi: anamkejeli adui mpaka adui anapandwa na hasira na kusahau uchawi aliotaka kuufanya. Na matusi hayo yanazidi makali kadiri Morte anavyosikia matusi mapya kutoka kwa watu mnaokutana nao mjini. Mtaalamu wa mipasho, kwa maneno mengine, anayekusanya mistari yake mitaani.

Mwandani mwingine, Dak'kon, ni mpiganaji mzee aliyepoteza imani na watu wake. Upanga wake hautegemei mhunzi. Umbo lake hufuata hali ya mawazo yake. Anabeba kitabu kitakatifu cha mawe kinachofunguka kama duara, na unaweza kukaa naye akufundishe. Ukisoma naye kwa makini, ukafika mahali ambapo mwanafunzi anamwonyesha mwalimu jambo ambalo mwalimu hakuliona, mashaka yake yanapungua, na upanga wake unakuwa imara zaidi. Mazungumzo ya dini yamegeuka kuwa nguvu ya pigo. Katika gemu zote tulizocheza, hatujaona jambo hilo likifanywa vizuri kuliko hapo, na limefanywa ndani ya gemu yenye mapigano dhaifu. Kila tunapolifikiria tunashangaa kidogo.

Gemu ya tatu ni Icewind Dale ya mwaka 2000, ya studio ile ile ya Black Isle. Yenyewe iliamua kurudi kwenye desturi ya zamani: wahusika wote sita unawatengeneza mwenyewe. Hakuna Khalid, hakuna Morte. Kilichobaki ni theluji, mapango, na mapigano yaliyopangwa kwa ustadi, chumba baada ya chumba. Ukitaka kujifunza namna ya kuweka askari mlangoni ili wachawi wako wasalimike nyuma, hii ndiyo shule.

Ukimaliza Icewind Dale unakumbuka mapigano. Unakumbuka lile daraja, lile jitu. Aliyekuwa nawe humkumbuki, maana hakuna aliyemwandika. Isipokuwa umwandike mwenyewe: mmoja wetu aliwapa wahusika wake sita majina ya ndugu zake wa tumbo moja, na alipouawa yule mwenye jina la kitinda mimba wao, alirudia pambano lile mara nne mpaka wote sita wakatoka hai. Hakuhitaji kurudia hata mara moja. Njia za kumfufua aliyekufa zilikuwepo.

Mtu akifa inakuwaje?

Swali hili linaonekana la kiufundi, lakini ndilo linaloonyesha wazi zaidi jinsi vita na maandishi vinavyohusiana.

Katika Baldur's Gate za zamani, mwandani akifa picha yake inageuka ya kijivu na vitu vyake vinaanguka chini. Unaweza kumfufua kwa uchawi au kwa kulipa hekaluni. Lakini akipigwa pigo kubwa mno mwili wake unasambaratika, na hapo amekwenda moja kwa moja. Hakuna hotuba wala muziki wa huzuni. Mchawi anayeanza anaweza kuwa na pointi za uhai zisizozidi sita, kwa hiyo mshale mmoja unatosha. Maandishi ya gemu hayasemi lolote kuhusu kifo hicho, na bado mchezaji anaumia, kwa kuwa kilitokana na uzembe wake.

Katika Dragon Age: Origins, mwandani akianguka vitani anainuka pambano likiisha, akiwa na jeraha tu, mradi angalau mmoja wenu amebaki amesimama. Waandishi walihitaji watu hao wawe hai kwa ajili ya hadithi. Lakini kuna bei: vitani huwahofii tena kwa namna ile. Hofu imehamia kwenye mazungumzo, kwa sababu njia ya kumpoteza mtu sasa ni kumkosea.

Dragon Age na bei ya kupendwa

Hapo ndipo Dragon Age: Origins, iliyotengenezwa pia na BioWare huku mwandishi wake mkuu akiwa David Gaider, ilipojenga jambo lake. Kila mwandani ana kipimo cha namna anavyokuona, kuanzia hasi 100 mpaka 100. Ukisema la kumpendeza kinapanda, ukimuudhi kinashuka. Kikipanda vya kutosha mwandani anakuwa na nguvu zaidi vitani, na ukimkosea kupita kiasi anaweza kukuacha.

Ubora wake unaonekana kwa Wynne, mama mtu mzima ambaye kazi yake ni kuponya. Mapigano ya gemu hii ni magumu, na mponyaji mzuri ndiye anayetofautisha kundi linalopona na kundi linalozikwa. Wynne ana msimamo wake kuhusu mema na mabaya. Kuna kitu kitakatifu ambacho unaweza kukinajisi ili upate faida fulani. Ukifanya hivyo mbele yake, anakugeukia kwa silaha. Mchezaji asiyejali dini ya watu wa kubuni hata kidogo atafikiri mara mbili hapo, kwa sababu tu anajua nani amekuwa akimtoa kaburini wiki nzima.

Nje ya amri zako, kila mwandani unaweza kumwandikia maagizo mapema: uhai wa mwenzetu ukishuka chini ya nusu, mponye, adui mchawi akionekana, mshambulie yeye kwanza. Wanaopenda kupanga mambo hufurahi sana.

Upungufu wake nao ni wa wazi. Kipimo kile kinapandishwa pia kwa zawadi. Unaweza kumuudhi mtu asubuhi, kisha ukamwaga vinyago na mikufu jioni akasahau yote, kama mgombea anayegawa kanga na kofia wiki ya mwisho ya kampeni. Urafiki ukishakuwa namba, kuna mtu atatafuta njia ya kuinunua namba hiyo. Pia kuna sehemu ndefu ya chini ya ardhi ambako unapigana saa nyingi na maadui wanaofanana, na waandani wananyamaza kwa muda mrefu mno. Kwa maoni yetu hapo ndipo gemu hiyo inapochosha: vita vimeachwa peke yake.

Baldur's Gate 3: kila mtu kwa zamu

Agosti 2023, studio ya Larian ya mjini Ghent, Ubelgiji, ilitoa Baldur's Gate 3. Ilishinda tuzo ya gemu bora ya mwaka katika The Game Awards, na mwigizaji Neil Newbon akapata tuzo ya uigizaji bora hapo hapo kwa kumpa sauti mwandani aitwaye Astarion.

Mapigano yake ni ya zamu, karibu na ule mchezo wa mezani. Kila mmoja anangoja nafasi yake, anasogea, anafanya tendo, anamwachia anayefuata. Kioo kinakuonyesha asilimia ya uwezekano wa kumpiga adui kabla hujaamua. Mazingira nayo ni silaha: aliye juu ya mwinuko hupiga vizuri zaidi, mafuta yaliyomwagika yanawaka, na adui aliyesimama pembeni mwa genge anaweza kusukumwa tu. Kundi lina watu wanne.

Ujanja mkubwa uko kwenye kambi. Uchawi ukiisha na majeraha yakizidi, inakubidi ulale. Mkilala mnakuwa kambini, na kambini ndiko waandani wanakofungua mioyo. Mapigano yenyewe ndiyo yanayokusukuma kwenye mazungumzo. Mchezaji mbahili anayekataa kulala ili aokoe chakula huwa anapitwa na mambo mengi kuhusu watu wake, na anaweza asijue.

Waandani wenyewe wana matatizo yanayoingia vitani moja kwa moja. Gale, mchawi msomi, ana ugonjwa unaomlazimu kunyonya nguvu ya vifaa vya uchawi. Anakuomba vitu ambavyo ulitaka kuvivaa wewe. Ukimnyima mwisho anaondoka. Astarion ni mnyonya damu, watu wa pwani wangemwita mumiani, na usiku mmoja anaomba kukunyonya kidogo. Ukimruhusu, yeye anapigana vizuri zaidi na wewe unaamka dhaifu. Karlach ana moyo wa chuma unaowaka moto, na akipandwa na hasira vitani moto huo unamfaa sana. Moto huo huo ndio unaomzuia kumgusa au kumkumbatia mtu yeyote, mpaka fundi chuma amsaidie. Hebu fikiria: kile kinachomfanya awe hodari ndicho kinachomnyima mkono wa rafiki. Hapo hakuna mpaka kati ya kanuni ya vita na uandishi.

Lawama yetu moja ni kwamba waandani hawa wanampenda mchezaji haraka mno, karibu wote kwa pamoja. Viconia wa mwaka 2000 alikufanya uhangaike zaidi. Na kifo kimekuwa chepesi: kambini kuna mzee wa ajabu anayefufua maiti kwa sarafu 200, kama nauli.

Wazazi wajue pia kwamba Baldur's Gate 3 ni ya watu wazima. Ina damu nyingi na picha za faragha.

Kwenye simu

Baldur's Gate 3 na Dragon Age: Origins zinahitaji kompyuta au mashine ya gemu ya kuunganisha kwenye televisheni. Lakini zile za zamani, yaani Baldur's Gate mbili za mwanzo, Icewind Dale na Planescape: Torment, zilitengenezwa upya na kampuni ya Beamdog ya Canada, na zipo kwenye simu za Android na za iPhone. Zinalipiwa mara moja. Ukishapakua unaweza kucheza bila intaneti, jambo linalofaa sana kwa walio mbali na mnara. Kila moja inakula zaidi ya gigabaiti moja ya nafasi, kwa hiyo subiri siku uliyo mjini kwenye Wi-Fi kabla ya kumaliza kifurushi chako. Ukiikuta bure kwenye tovuti usiyoijua, iache. Simu nyingi zimeingiliwa na virusi kwa njia hiyo.

Mambo mawili yatakusumbua. Maandishi ni madogo kwenye kioo kidogo, na hayapo kwa Kiswahili. Planescape: Torment hasa ni kama kusoma kitabu kinene cha Kiingereza chenye misemo ya mtaani ambayo hata Waingereza wanaisoma polepole. Wapo vijana wanaoichukulia kama darasa la lugha, daftari likiwa pembeni.

Kwa anayeanza, tunapendekeza Baldur's Gate ya kwanza. Ina kiwango cha urahisi ambacho watu wako hawafi, kwa wanaotaka hadithi tu. Sisi tungekushauri upande angalau ngazi moja juu ya hapo, ili ule mshale mmoja uendelee kuwa na maana. Hifadhi mchezo wako kabla ya kila mlango. Na utakapofika kwenye nyumba ya wageni, siku ya kwanza au ya pili ya safari, utawakuta Khalid na Jaheira wanakungoja ndani. Utaona wapiganaji wenye nguvu kuliko wao baadaye, na utashawishika kuwaacha. Wachukue, ukae nao mpaka mwisho, kisha ufungue gemu ya pili.